Nani anaanza kusema? Kivinjari, seva na habari za papo hapo

Makala haya yanahusu jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wenzetu wa informatiki: namna ukurasa wa intaneti uliofunguliwa kwenye simu unavyopata habari mpya bila mwenye simu kuufungua upya. Alama za mtihani zinatolewa, ukurasa unabadilika wenyewe. Mwenzako anaandika neno, wewe unaliona. Goli linafungwa Lubumbashi, mtu aliye Kalemie anaona tarakimu ikigeuka.

Tunalileta jambo hili katika jarida la lugha kwa sababu mbili. Ya kwanza: njia zinazotumika kufanya hivyo zinatofautiana jinsi mazungumzo yanavyotofautiana, yaani nani ana haki ya kusema kwanza, zamu inakabidhiwa vipi, jibu linaisha lini. Ya pili: njia hizo hazina majina ya Kiswahili yaliyokubalika, na yale tunayotafsiri harakaharaka kutoka Kifaransa yanaficha jambo lenyewe ambalo mwanafunzi anatakiwa kulielewa. Kwetu hasara yake inahesabika. Intaneti tunainunua kwa mega, na ukurasa uliotengenezwa na mtu asiyejua tofauti hizi unakula mega za mwanafunzi usiku kucha bila kumletea habari yoyote.

Swali na jibu

Kivinjari ni programu tunayofungulia kurasa: Firefox, Chrome, Opera na nyingine. Seva ni kompyuta ya mbali inayozitunza kurasa hizo. Vitu hivi viwili huongea kwa itifaki inayoitwa HTTP, iliyobuniwa na Tim Berners-Lee alipokuwa CERN, karibu na Geneva. Toleo la 1.0 liliandikwa katika hati ya mwaka 1996. Sheria yake ya msingi ni kwamba kivinjari kinauliza na seva inajibu. Seva haianzi kamwe. Ni kama mtoto aliyelelewa kwa heshima kali: anajua habari, lakini hasemi mpaka aulizwe.

Waliosoma uchambuzi wa mazungumzo watakumbuka kazi ya Schegloff na Sacks ya mwaka 1973 juu ya jozi za kauli, ambapo kauli ya kwanza inaidai ya pili: swali linadai jibu, salamu inadai itikio, "Hodi!" inadai "Karibu!" HTTP ni lugha yenye jozi ya aina moja tu, na kauli ya kwanza ni ya upande mmoja siku zote. Mwaka uliofuata Sacks, Schegloff na Jefferson walieleza jinsi watu wanavyogawana zamu bila msimamizi, kila mmoja akisikiliza mahali ambapo zamu ya mwenzake inaweza kuisha. Katika HTTP hakuna kugawana. Zamu ya seva inafunguliwa na swali na kufungwa na mwisho wa jibu.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini seva isipige tu simu ya mwanafunzi pale habari inapofika? Kwa sababu haijui mahali pa kuipata. Mara nyingi simu iliyo kwenye mtandao wa kampuni ya simu haina anwani yake yenyewe inayoonekana nje. Inakaa pamoja na simu nyingine nyingi nyuma ya anwani moja. Kutoka nje hakuna mlango wa kubisha. Seva inaweza kupita tu katika mlango ambao simu yenyewe imeufungua, na kwa muda ambao mlango huo uko wazi. Tunaomba msomaji ashike jambo hili, maana njia zote zinazofuata ni ujanja wa kuishi na sheria hiyo.

Aliyechagua neno "kivinjari" alichagua vizuri kuliko pengine alivyojua. Kuvinjari ni kuzunguka ukitazama huku na huku. Anayevinjari ndiye anayekwenda, hafuatwi.

Kuulizauliza

Kila mwanafunzi wa Kongo anaijua njia ya kwanza, kwa sababu ndiyo tunayoitumia mbele ya ule ubao tunaouita "valve". Matokeo hayajabandikwa. Unakwenda saa tatu, unatazama, unarudi. Unakwenda saa nne. Unamtuma mdogo wako saa sita. Ubao haukufuati nyumbani.

Kivinjari kinafanya vilevile: baada ya kila sekunde kadhaa kinaiuliza seva, "Kuna jipya?" na seva inajibu, "Hapana." Mwanzoni ilibidi kupakua ukurasa mzima upya kila mara. Kisha mwaka 1999 Microsoft, katika Internet Explorer 5, waliweka chombo kinachoitwa XMLHttpRequest, ambacho kinauliza kimyakimya chini ya ukurasa bila kuusogeza. Mwaka 2005 Jesse James Garrett alikipa mtindo huo jina la Ajax. Mwaka uliofuata Alex Russell alizipa mbinu za kuacha muunganisho wazi, ambazo tutaziona baadaye, jina la Comet. Utani wenyewe ni kwamba Ajax na Comet huko Marekani ni majina ya sabuni za kusugulia. Asiyejua maduka ya Marekani hawezi kujifunza lolote kutokana na majina hayo.

Tufanye hesabu. Tuseme ukurasa wa matokeo unauliza kila baada ya sekunde 5. Hiyo ni mara 12 kwa dakika, mara 720 kwa saa. Swali moja pamoja na jibu lake la "hapana" lina uzito, kwa sababu kila mara kivinjari kinajitambulisha upya: kinataja jina lake, lugha anayoipenda mtumiaji, vidakuzi, na mengine. Tukikadiria kilobaiti 1 kwa kila safari, mwanafunzi mmoja anatumia kilobaiti 720 kwa saa kuambiwa "hapana". Si nyingi. Lakini kama mtengenezaji hakutumia chombo cha 1999, bali ameamuru ukurasa mzima wenye picha na nembo ujipakue upya, na ukurasa huo una kilobaiti 300, saa moja inakula mega 216. Watu 400 wa promosheni moja wakiufungua pamoja jioni ya kutangazwa matokeo, seva inapata maswali 80 kila sekunde, karibu yote ya bure, na inaanguka dakika ileile inayohitajika.

Kuna pia betri. Redio ya simu haizimi mara tu inapomaliza kutuma. Inabaki macho kwa sekunde kadhaa. Ukiiuliza kila sekunde 5, haipati nafasi ya kulala.

Kwa upande wa lugha, njia hii ndiyo rahisi kuliko zote kuipa jina. Kiswahili sanifu kina urudufishaji: kuuliza, kuulizauliza. Umbo hilo lina dalili ya kufanya jambo mara nyingi, kidogokidogo, na pengine bila faida kubwa, ndivyo hasa ilivyo. Kiswahili cha Lubumbashi kina chombo kingine, kiambishi cha mazoea -ka mwishoni mwa kitenzi: anasemaka, anaulizaka. Ndugu zake wanapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, na wanaisimu wanakihusisha na kiambishi *-ag- cha Kibantu cha kale. Mwanafunzi wa hapa akisikia "kivinjari kinaulizaka kila sekunde tano", ameelewa. Tunaandika "kuulizauliza" kwa sababu jarida linasomwa pia na watu wasioishi Katanga, lakini darasani tusiione aibu ile -ka.

Kuuliza na kungoja

Njia ya pili inaacha swali lilelile na kubadilisha tabia ya anayejibu. Kivinjari kinauliza, "Kuna jipya?" Seva, kama haina jipya, inanyamaza. Haisemi "hapana", inaliacha swali likining'inia. Habari ikija, inajibu mara moja. Kivinjari kinapokea na hapohapo kinauliza tena. Badala ya kwenda na kurudi mbele ya valve, umesimama kwenye dirisha la sekretarieti, na karani amekuambia, "Ngoja."

Kungoja huko hakuwezi kuwa bila mwisho. Kati ya simu na seva kuna mashine nyingine, na nyingi zinaukata muunganisho zikiona hakuna kinachopita. Hati ya RFC 6202 ya mwaka 2011, iliyokusanya uzoefu wa njia hizi, inaitaja sekunde 30 kuwa muda wa kungoja ulio salama zaidi. Kwa kiwango hicho maswali ya saa nzima isiyo na habari yanashuka kutoka 720 hadi 120, na habari inapokuja haicheleweshwi hata hizo sekunde 5.

Katika mazungumzo ya watu, ukimya baada ya swali una maana: aliyeulizwa hataki, au hajasikia, au anatafuta maneno. Hapa ukimya umegeuzwa kuwa ishara yenye maana moja, "bado". Hakuna kilichobadilika katika itifaki. Wamebadilisha tu maana ya kunyamaza.

Jibu lisilokwisha

Njia ya tatu inastahili nafasi zaidi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika na ndiyo tunayodhani ingefaa kurasa nyingi za vyuo vyetu.

Wazo lake ni la zamani. Netscape 1.1, mwaka 1995, tayari iliruhusu seva kutuma jibu lenye vipande vingi, kila kipande kikichukua nafasi ya kilichotangulia. Kivinjari kimeuliza mara moja. Seva inajibu, na inaendelea kujibu. Haifungi kauli yake. Sheria ya HTTP haikuvunjwa, kwa kuwa hakuna mahali inaposema jibu liwe na urefu gani.

Umbo lake la leo liliandikwa na Ian Hickson, na Opera ilikuwa ya kwanza kulijaribu, mwaka 2006. Katika ukurasa kivinjari kinatumia kitu kinachoitwa EventSource. Seva inajibu kwa maandishi ya kawaida, ambayo hata mtu asiye mwanainformatiki anaweza kuyasoma kwa macho:

id: 41
event: matokeo
data: Matokeo ya Fonolojia yametangazwa.

Mstari mtupu unafunga tukio, kama kituo kinavyofunga sentensi. Kisha seva inanyamaza mpaka tukio la 42. Ili mashine za katikati zisidhani muunganisho umekufa, seva inashauriwa kutuma kila baada ya sekunde 15 hivi mstari unaoanza na nukta pacha, ambao kivinjari hukitupa bila kukionyesha. Waliosoma Jakobson watatambua hapa kazi ya lugha ya kuhakikisha tu kwamba njia bado iko wazi, ile "alo, alo" ya kwenye simu. Kwa saa nzima isiyo na habari, mistari hiyo pamoja na bahasha zake za mtandao haifiki kilobaiti 50.

Namba ya tukio ndiyo inayotufanya tuipende njia hii. Mtandao ukikatika, na kwetu unakatika, kivinjari kinajiunganisha tena chenyewe, bila mtengenezaji kuandika chochote, na katika swali jipya kinataja namba ya mwisho iliyopokelewa: 41. Ni kama mtu anayerudi kwenye baraza na kusema, "Nilipotoka mlikuwa mmefika hapa." Seva ikiwa imeandikwa vizuri, inaendelea kuanzia la 42. Ikiwa haikuandikwa vizuri, inaipuuza namba hiyo, na yaliyopita yamepita. Kivinjari kinakumbusha, lakini kumbukumbu yenyewe ni kazi ya seva.

Kuna jambo dogo linalotuhusu sisi wa lugha za Kiafrika moja kwa moja. Kiwango kinasema mkondo huu unasomwa kwa UTF-8, na hakuna njia ya kuchagua usimbaji mwingine. Anayetuma maneno ya Kiluba au Kisanga yenye alama za toni hana haja ya kuogopa kwamba vokali yenye toni ya juu itafika ikiwa kijisanduku tupu, ilimradi seva yenyewe iliyaandika kwa UTF-8. Aliyewahi kuona orodha ya maneno yake ikiharibika kati ya kompyuta mbili ataithamini sheria hiyo.

Upungufu upo. Ni maandishi tu, si sauti wala picha. Ni upande mmoja: kivinjari kikitaka kusema kitu, kinafungua ombi la kawaida pembeni, kama mtu anayesikiliza tangazo dirisha la kwanza na kupeleka barua dirisha la pili. Tena, chini ya HTTP/1.1 vivinjari huruhusu miunganisho sita tu kwa seva moja. Mtu akifungua ukurasa uleule mara saba, wa saba unakwama. HTTP/2, ya mwaka 2015, iliondoa tatizo hilo kwa kupitisha mazungumzo mengi ndani ya muunganisho mmoja. Sababu nyingine ya njia hii kusahaulika ni kwamba Internet Explorer haikuikubali kamwe, na Edge ilianza kuijua mwaka 2020 tu. Kwa miaka mingi mtengenezaji aliyetaka watu wote waone ukurasa wake aliiacha pembeni, akazoea nyingine.

Kusemezana

Hiyo nyingine ni websoketi, iliyowekwa kuwa kiwango mwezi Desemba 2011 katika hati ya RFC 6455. Hapa kweli sheria ya mtoto mwenye heshima inaondolewa, lakini baada ya adabu za mlangoni. Kivinjari kinaanza kwa swali la kawaida la HTTP, ambalo ndani yake kinaomba kubadilisha itifaki, na kinatoa mfuatano wa herufi uliookotwa kwa bahati. Seva inauunganisha mfuatano huo na mwingine uliowekwa katika kiwango, inaupitisha katika hesabu inayoitwa SHA-1, na inarudisha tokeo pamoja na namba 101, yaani "tunabadilisha". Kivinjari kinakagua. Wataalamu wa Kiingereza na Kifaransa huuita ubadilishanaji huo kupeana mikono. Kiswahili kina picha iliyo karibu zaidi: kubisha hodi na kukaribishwa. Tena hodi hii inamtaka mwenye nyumba athibitishe kwamba ameelewa nani anabisha na kwa lugha gani.

Baada ya karibu hakuna tena swali wala jibu. Kila upande unatuma unapotaka, hata kwa wakati mmoja. Ujumbe mfupi unaotoka seva unabeba baiti 2 tu za bahasha, na unaotoka kwenye kivinjari baiti 6, badala ya ile kilobaiti ya kujitambulisha.

Hapa uteuzi wa kitenzi unahitaji uangalifu. Tumesikia mtu akipendekeza "kujibizana". Tunakataa kwa sababu mbili: neno hilo limeshika maana ya ugomvi, na linadai jibu, wakati ndani ya websoketi hakuna kauli ya kawaida inayodai jibu. "Kusemezana" ni bora. -An- inaonyesha pande mbili na mzizi ni kusema tu. Jozi zilizobaki ni mbili, na zinafurahisha. Moja ni ping, ambayo lazima ijibiwe na pong, ili upande mmoja ujue mwingine bado yupo. Mwandishi wa ukurasa hawezi kuituma, ni seva inayotuma na kivinjari kinaitikia chenyewe. Ya pili ni kuaga. Upande unaotaka kufunga unatuma ujumbe wa kufunga, na wa pili unatakiwa kurudisha ujumbe wa kufunga kabla muunganisho haujavunjwa. Yaani hata mashine hazikubaliwi kuondoka bila kuagana. Kichwa cha ile makala ya Schegloff na Sacks ya 1973 kinahusu jambo hilohilo, namna watu wanavyofungua mwisho wa mazungumzo.

Lakini websoketi haina kumbukumbu ya tukio la 41. Mtandao ukikatika, hakuna kinachounganishwa tena mpaka mtengenezaji awe ameliandika hilo mwenyewe: kujaribu tena, kungoja kidogo, kujaribu tena, kutaja ulipoishia. Kurasa nyingi zilizotengenezwa haraka hazina sehemu hiyo. Huko umeme na mtandao usipokatika hakuna anayegundua. Hapa tunagundua siku ya kwanza: ukurasa unaonekana uko hai, kumbe ulinyamaza saa nzima iliyopita.

Kupitia mjumbe

Njia ya mwisho tutaipita haraka. Ni ile inayoleta arifa hata pale ukurasa umefungwa; itifaki yake iliandikwa mwaka 2016, RFC 8030. Kivinjari kinajiandikisha kwanza, kwa idhini ya mtumiaji, kwa mjumbe ambaye kwa kawaida ni seva ya kampuni iliyotengeneza kivinjari chenyewe. Chuo kikiwa na habari, kinampa mjumbe, naye anaipitisha katika muunganisho ambao simu imekwisha kuufungua kwake. Barua imefungwa kwa siri, hivyo mjumbe haisomi. Kwenye iPhone kurasa zilipata ruhusa hii mwaka 2023 tu, na kwa sharti ukurasa uwekwe kwenye skrini ya mwanzo.

Majina mawili tunayoyapinga

Sasa tunaweza kurudi kwenye majina. Kifaransa kinasema "temps réel", na vitabu vingi vya Kiswahili vinafuata kwa "wakati halisi". Maneno ni sahihi, sentensi inasimama, lakini msikilizaji hapati kitu: wakati gani usio halisi? Kiswahili kina familia nzima ya maneno ya mahali yanayobeba maana hii: papo hapo, palepale, hapohapo. Viambishi vya mahali vinavyotumika kwa wakati ni jambo tunalolifundisha mwaka wa kwanza. Ajabu ni kuliacha tunapofika kwenye kompyuta. Tunapendekeza "habari za papo hapo". Tunajua pingamizi litakalotolewa, kwamba katika elimu ya mashine "wakati halisi" lina maana kali zaidi, ya kazi ambayo lazima imalizike ndani ya muda uliowekwa. Ni kweli, na walio na kazi hiyo wabaki nalo. Habari za kwenye kivinjari hazina ahadi hiyo.

Jina la pili ni "kusukuma", tafsiri ya "pousser", linalotumika kwa njia zote tatu za mwisho kana kwamba ni moja. Hapa kosa ni kubwa zaidi. Ukimwambia mwanafunzi kwamba seva inasukuma habari hadi kwenye simu, anaona picha ya seva inayoanza. Haanzi. Katika jibu lisilokwisha simu iliuliza. Katika kusemezana simu ilibisha hodi. Kwa mjumbe simu ilijiandikisha. Mwanafunzi aliyeshika picha ya kusukuma hawezi kueleza kwa nini habari zimekoma baada ya simu kupita kwenye eneo lisilo na mtandao. Anailaumu seva, ilhali mlango uliofungwa ni wa simu. Aliyeambiwa "seva inaendelea kujibu swali" anajua mara moja la kufanya: kuuliza upya. Kama kitenzi kimoja kinahitajika kwa zote tatu, tunapendelea "kuletea": kauli ya kutendea inataja anayeletewa, na anayeletewa kwa kawaida ameagiza.

Kuchagua

Tukichukua ukurasa wa matokeo wa kitivo, hesabu ni fupi. Habari zinatoka upande mmoja, ni maandishi, ni chache, na wasomaji wako kwenye simu zenye mtandao unaokatika. Jibu lisilokwisha linatosha, na lile la tukio la 41 linaokoa aliyepoteza mtandao katikati ya tangazo. Mtengenezaji akipendekeza websoketi kwa kazi hiyo, aulizwe ni nini ambacho mwanafunzi ataiambia seva. Akijibu "hakuna", mlango wa pande mbili umejengwa kwa ajili ya upande mmoja, na kazi ya kuunganisha upya itabaki mikononi mwake. Na kama habari ni moja tu kwa siku, tuseme ratiba ya kesho, hata kuulizauliza kila baada ya dakika kumi hakuna ubaya: ni maswali sita kwa saa, na ndiyo njia rahisi kuliko zote kuitengeneza na kuirekebisha.

Kazi inayotaka websoketi kwa haki, katika kitivo chetu, ni unukuzi wa pamoja: wanafunzi wawili, mmoja Likasi na mwingine Kolwezi, wanasikiliza rekodi moja ya hadithi na kuiandika katika ukurasa mmoja, huyu akiandika sentensi, yule akiweka toni. Hapo kila herufi inakwenda pande zote mbili, na bahasha ya baiti 6 ina faida yake. Programu huria Etherpad, iliyoanza mwaka 2008, inafanya kazi ya aina hiyo na inaweza kuwekwa kwenye kompyuta ndogo ya kitivo. Wakati wa kuijaribu, jaribio la kwanza liwe hili: zima mtandao wa simu moja kwa dakika mbili, andika neno kwenye nyingine, washa tena, utazame kama neno limefika na kama alama za toni ziko mahali pake.